Mimea ya nyumba mpya inadhoofika: mwongozo wa kumjua mchawi kabla hujanunua dawa

Mwenye nyumba mpya akiona jani la njano hukimbilia duka la pembejeo. Anaonyesha picha kwenye simu, anarudi na chupa mbili, moja ya ukungu na moja ya wadudu, na busta (mbolea ya maji ya kupuliza majani) juu yake. Wiki mbili baadaye jani bado la njano na pesa imekwenda. Kiwanja kilichojengwa juzi hakijawa bustani bado. Ni eneo la ujenzi lililofunikwa udongo. Mengi yanayoitwa magonjwa humo yameletwa na kifusi, maji na fundi, na hakuna dawa ya kupuliza inayotibu zege.

Mifano ya hapa ni ya ukanda wa pwani ya Tanzania, Kigamboni na Bunju hadi Kibaha na Bagamoyo, kwenye udongo wa kichanga au wa mawe ya matumbawe. Huko bara hatua ni zilezile. Kinachobadilika ni wahalifu.

Hatua ya 1: Zunguka, chora, usiguse kitu

Toka saa moja asubuhi, kabla jua halijachoma. Saa hiyo ina maana yake. Mboga, maboga na mipapai yenye majani mapana hulegea saa nane mchana hata ikiwa na afya, kisha husimama tena usiku. Mmea uliolegea alfajiri ndio wenye shida.

Chukua karatasi uchore kiwanja: nyumba, ukuta, chemba na shimo la majitaka, kisima, mahali mafundi walipochanganyia zege, mahali kokoto na chokaa vilipomwagwa, mahali lori lilipokuwa likigeuzia. Kama nyumba umeinunua ikiwa tayari, waulize majirani au mlinzi wa zamani, wao wanakumbuka. Kisha weka alama ya X kwa kila mmea mgonjwa, na pembeni andika umeanza lini.

Sasa isome ramani yako. Ugonjwa na mdudu huchagua ukoo. Udongo na maji huchagua mahali. Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja, kwa hiyo vikidhoofika pamoja huku mchicha wa katikati yake umenawiri, fikiria ugonjwa. Lakini mwembe, waridi na bogenvilia vikiungua upande uleule wa ukuta, hakuna ukungu unaokula vitu vitatu visivyo na undugu kwa siku moja. Hapo kuna joto la ukuta, chumvi, kifusi au dawa ya magugu iliyopeperushwa kutoka kwa jirani. Dawa ya magugu, hasa ya kuua majani mapana, huacha alama yake: machipukizi yaliyojisokota kama kamba, kwenye mimea ya kila aina kwa wakati mmoja.

Na muda nao unasema. Kilichotokea usiku mmoja kwa kawaida ni kemikali, chumvi au mbolea mbichi. Kilichoanza kwenye shina moja na kuhamia la jirani baada ya wiki mbili kina uhai.

Kabla ya kuendelea, futa X za mimea isiyoumwa. Mwembe ukichipua, majani machanga hutoka na rangi ya kahawia nyekundu, laini, yamening'inia kama nguo iliyoanikwa; ndivyo yalivyo, yatakuwa kijani. Mkungu hugeuza majani mekundu na kuyamwaga. Mnazi huangusha makuti ya chini mara kwa mara, na mgomba hukausha majani ya chini. Mpapai unaotoa maua madogo kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia, bila tunda hata moja, hauumwi: ni dume.

Hatua ya 2: Jani gani limeanza, la zamani au jipya?

Hili peke yake hukata nusu ya mashaka. Mmea huweza kuhamisha baadhi ya virutubisho kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Vingine haviwezi kuhama.

Majani ya chini yakiwa njano yote kwa usawa na ukuaji umedumaa, ni upungufu wa naitrojeni. Yakiwa njano katikati ya mishipa, ila mishipa na sehemu ya karibu na kikonyo zimebaki kijani, ni magnesiamu. Kingo za majani ya zamani zikiungua kama zimepitishwa motoni, ni upungufu wa potasiamu au ni chumvi iliyozidi, na Hatua ya 4 itakuambia ni ipi.

Majani mapya ya kileleni yakiwa na rangi ya limau huku mishipa imechorwa kijani kama wavu mwembamba, ni upungufu wa chuma. Hii ndiyo hali inayosumbua nyumba nyingi za pwani, hasa kwenye michungwa, milimau, miparachichi na mawaridi. Kwa kawaida chuma kimo udongoni. Chokaa ya matumbawe na saruji imepandisha pH (kipimo cha uchachu wa udongo; ikipanda uchachu umepungua) hadi mizizi haiwezi kukinyonya. Ukipanda mstari wa milimau sentimita 50 kutoka msingi wa nyumba, wa kwanza hadi wa mwisho itageuka njano.

Madoadoa ni habari nyingine. Doa lenye duara ndani ya duara, kama shabaha, kwenye majani ya chini ya nyanya ni bakajani tangulia. Doa la kijivu lililolowa linaloenea haraka wakati wa baridi na mvua ni bakajani chelewa. Unga mweupe unaofutika kwa kidole ni ubwiri unga. Rangi ya mabaka ya kijani na njano pamoja na majani yaliyokunjamana ni virusi, batobato. Na nyanya iliyodumaa yenye majani madogo yaliyojikunja juu na kingo za njano ndiyo ile wakulima wanayoiita rasta. Kwa virusi hakuna tiba. Ng'oa, choma, kisha shughulikia inzi weupe wanaovieneza.

Hatua ya 3: Chimba

Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inachafua mikono. Usiiruke, kwenye nyumba mpya mchawi huwa chini.

Chukua sururu na chepe, chimba sentimita 40 kutoka shina la mmea mgonjwa na ushuke sentimita 30. Angalia unachokutana nacho: vipande vya tofali, mifuko ya saruji, tabaka la moramu iliyoshindiliwa, au bamba la zege lililomwagwa mwisho wa siku na kufunikwa. Sururu ikigonga na kurudi kwenye kina kilekile sehemu nzima, mizizi nayo inagonga hapohapo.

Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, weka kwenye kisahani, dondoshea siki nyeupe. Ukitoa povu na sauti ya kuchemka, una chokaa. Fanya hivyo sehemu tatu: karibu na ukuta, katikati ya kiwanja, na palipochanganyiwa zege. Mara nyingi jibu hutofautiana ndani ya mita tano, na hapo utajua pa kuhamishia mlimau.

Kisha pima kupitisha maji. Shimo la sentimita 30 kwa 30, lijaze maji, acha yaishe, lijaze tena, simamisha rula. Yakishuka kati ya sentimita 2 na 8 kwa saa, hali ni nzuri. Chini ya sentimita 1, mizizi inakosa hewa, na mpapai hauvumilii: maji yakituama siku mbili tatu unaanza kuoza kitako. Zaidi ya sentimita 10, ni kichanga kinachovuja. Maji na mbolea unayoweka vinapita tu.

Sasa shina lenyewe. Ondoa udongo shingoni hadi uone mahali shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi. Mafundi wanaposawazisha kiwanja hufukia miti ya zamani kwa sentimita 20 au 30 za udongo. Gome hubaki na unyevu, linaoza, na mti unakufa pole pole mwaka wa pili. Kwa mche uliopandwa karibuni, hakikisha kiriba, mfuko wa nailoni wa mche, kilitolewa. Viriba vilivyopandwa pamoja na mche ni vingi kuliko unavyodhani. Mizizi huzunguka humo kama kamba kwenye ndoo, na mti wa miaka miwili unabaki na urefu wa magoti. Ukivuta shina na likatikisika kama jino bovu, chimba, chana kiriba, kata mizizi iliyojizungusha, upande upya masika yakianza.

Kwa mboga, ng'oa mmoja wenye hali mbaya zaidi, osha mizizi kwenye ndoo. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu na inakatika kwa mlio. Iliyooza ni kahawia, ngozi yake inavuka ukivuta, na inanuka. Ikiwa na vifundo kama shanga vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, ni minyoo fundo, adui mkubwa wa nyanya, bamia na mpapai kwenye kichanga. Usichanganye na vifundo vya kunde na maharage: vile vimekaa pembeni ya mzizi, hubanduka kwa kidole, na ukivipasua ndani ni vya waridi. Hivyo ni rafiki. Tuta lenye minyoo fundo lilainishe, limwagilie, lifunike kwa nailoni angavu wiki 4 hadi 6 za jua kali la Januari na Februari, kisha panda nyanya ambayo pakiti yake ya mbegu ina herufi N kati ya herufi za ukinzani.

Hatua ya 4: Maji

Kidole ndicho kipimo cha kwanza. Kiingize sentimita 5 hadi 7. Pakavu na mmea umelegea, una kiu. Pameloa na mmea umelegea, mizizi inakufa, na kumwagilia zaidi ni kuumaliza. Watu huua mimea mingi zaidi kwa njia hiyo ya pili.

Kama unatumia kisima kirefu karibu na bahari, pima chumvi. Mita ndogo ya kidijitali ya TDS, yaani chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, inatosha. Chini ya 450 ppm (sehemu kwa milioni) maji ni salama kwa karibu kila kitu. 450 hadi 2,000 chagua mimea. Juu ya 2,000 yaache kwa minazi na ukoka. Parachichi, maharage na jamii ya machungwa huungua ncha za majani mapema kabisa. Dalili za chumvi huanza nchani na kurudi nyuma kwa ukingo, zikizidi kiangazi na kupungua mvua zikinyesha. Utando mweupe wa chumvi juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu ni ushahidi mwingine. Ikibidi kutumia maji hayo, mwagilia mengi kwa mara chache ili chumvi isukumwe chini. Kunyunyizia kidogo kila siku huijaza juu, penye mizizi. Maji ya mvua ya kwenye bati yahifadhi kwa miche.

Nyanya zenye doa jeusi lililodidimia chini ya tunda, kuoza kitako, pia ni mambo ya maji: leo mengi, kesho hakuna, na kalsiamu haifiki kwenye tunda. Matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiyogusa shina, hufanya kazi kuliko dawa yoyote utakayouziwa.

Hatua ya 5: Wadudu

Geuza jani. Wengi wako chini yake. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe: vumbi linalotembea, na ukilipangusa linaacha mstari mwekundu au wa kahawia, ni utitiri. Hawa hushamiri kwenye ukame na vumbi la barabara isiyo na lami. Rudi saa mbili usiku na tochi. Konokono na viwavi hutoka wakati huo. Miche iliyokatwa usawa wa ardhi kama kwa wembe ni kazi ya sota. Fukua sentimita 3 kuzunguka kisiki, utamkuta amejikunja.

Fuata sisimizi. Wakipanda na kushuka kwenye mti kwa mstari, kuna kitu kitamu juu: wadudu wanaofyonza utomvu na kudondosha utamu, yaani vidukari, vidung'ata au magamba. Majani yakiwa na masizi meusi yanayofutika, huo ni ukungu unaoishi juu ya utamu uliodondoka. Ukimwondoa mdudu, masizi yanaisha yenyewe. Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa kiota, ni walinzi: huwinda wadudu wengi wa minazi na maembe, ingawa nao hufuga vidung'ata kidogo. Kama hawakuzuii kupita, waache.

Mistari myeupe iliyojipinda ndani ya jani la mlimau ni vidomozi; mti mkubwa hauhitaji tiba. Mabaka mapana angavu kwenye jani la nyanya, yenye vinyesi vyeusi ndani, ni kantangaze, na huyo hasubiriwi. Chuma majani hayo, yafunge kwenye mfuko, yaanike juani siku kadhaa. Usiyatupe kwenye mboji.

Hatua ya 6: Kata uone

Mti unaoonekana mkavu, kwaruza gome kwa ukucha. Kijani chini yake, upo hai. Kahawia, shuka chini na ukwaruze tena hadi ukutane na kijani, kisha kata sentimita 15 chini ya mpaka huo.

Nyanya iliyonyauka ghafla ikiwa bado kijani: kata kipande cha shina cha sentimita 8 karibu na ardhi, kishike ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, ncha iliyokatwa ikiwa chini. Subiri dakika tano. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye kidonda, ni mnyauko bakteria. Usipande jamii ya nyanya hapo kwa miaka kadhaa, na usihamishe udongo wa tuta hilo. Nyuzi zisipotoka, na ndani ya shina kuna mstari wa kahawia, ni mnyauko fusari, ambao kwa kawaida huanza polepole na majani ya njano ya upande mmoja.

Mgomba nao: majani ya chini yakiwa njano na kuning'inia kama sketi, kata shina, duara la vidoa vya kahawia nyekundu ni ugonjwa wa Panama, unaopenda ndizi kisukari. Usaha wa njano unaotoka dakika chache baada ya kukata, pamoja na ndizi zilizoiva kabla ya wakati zenye nyama ya rangi ya kutu, ni mnyauko bakteria wa migomba, ule ulioibuka Uganda mwaka 2001 na kuvuka hadi Kagera. Huo mwite afisa kilimo siku hiyohiyo. Mashimo na vumbi la kahawia kwenye kitako ni fukusi.

Panga na mkasi safisha kati ya mmea na mmea: sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, au pitisha kwenye moto. Kwa migomba moto ndio bora.

Mnazi una shida mbili zinazomkuta mwenye nyumba mara kwa mara. Makuti yaliyokatwa pembe kama herufi V ni kazi ya chonga, mbawakavu mkubwa mweusi; mtoe kileleni kwa waya wenye ndoano, na ondoa magogo yanayooza na lundo la samadi anamozaliana. Madafu ya kila ukubwa yakianguka, maua yakiwa meusi, makuti yakigeuka njano kuanzia chini, ni kunyong'onyea. Mti huo hautapona, ukate na uuchome.

Hatua ya 7: Tibu kitu kimoja kwa wakati

Ukibadilisha maji, mbolea na kupuliza dawa wiki moja, hutajua kilichosaidia. Fanya moja, subiri siku 14, na uangalie majani mapya. Lililokwisha kuungua halirudi kijani.

Kwa upungufu wa chuma kwenye udongo wa chokaa: ondoa kifusi, weka mboji, na tumia kileti ya chuma (chuma kilichofungwa kisishikwe na chokaa) ya aina ya EDDHA kwa kipimo cha kwenye lebo. Salfeti ya chuma ukiimwaga kwenye udongo huo hufungwa mara moja, ni pesa iliyotupwa. Penye povu kubwa la siki, panda mlimau kwenye pipa. Magnesiamu: chumvi ya Epsom gramu 10 hadi 20 kwa lita, puliza majani jioni. Naitrojeni: ndoo ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa mti, sentimita 30 kutoka shina, kwa nyanya kizibo kimoja cha soda cha urea, kama gramu 5, mbali na shina, kisha maji. Mbolea ya kuku mbichi huunguza. Iache ioze miezi mitatu.

Wadudu laini: kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja, jioni, chini ya majani, rudia baada ya siku tano. Jaribu kwanza kwenye tawi moja. Mbegu za mwarobaini: gramu 50 zilizotwangwa kwa lita, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tumia siku hiyo.

Ikifika kwenye kiuatilifu cha dukani, hakikisha kimesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na soma lebo mambo mawili: kimeandikiwa mmea na mdudu huyo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Rangi nyekundu kwenye lebo ni sumu kali, haina kazi kwenye bustani ya nyumbani yenye watoto na kuku. Salfa kwa ubwiri unga wa maua ya embe ipulizwe asubuhi au jioni. Mchana wa joto huunguza maua uliyotaka kuyaokoa.

Ukikwama

Mpelekee bwana shamba wa kata kitu anachoweza kukisoma. Piga picha tatu: mmea mzima, tawi, na chini ya jani pamoja na sarafu kwa kipimo. Kata tawi lenye mpaka kati ya sehemu nzima na inayoumwa. Kilichokufa kabisa hakina ushahidi tena. Lifunge kwenye gazeti, maana kwenye nailoni litaoza njiani. Ongeza mizizi kidogo. Kwa udongo, chota sehemu 8 hadi 10 za kiwanja kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki, anika kivulini, peleka nusu kilo. Maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na za taasisi ya utafiti wa kilimo TARI Mlingano, Tanga, hupima. Andika jina la mmea, tarehe na chanzo cha maji kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika karatasi ikilowa.